Madebe Mawili ya Mbegu

Neno kutaraji lina nyumba mbili: mshairi hulilaza moyoni, mtu wa hesabu hulipeleka kwenye wastani. Pande hizo zilikutana Dakawa, kando ya barabara ya Morogoro kwenda Dodoma, uwani kwa mama mmoja mkulima wa mpunga.

Skimu ya Dakawa ina hekta 2,000 hivi zinazonyweshwa kwa maji ya mto Wami. Nusu eka ya mama huyu imo nje ya mifereji. Yeye hungoja mbingu. Alikuwa na madebe mawili ya mbegu, na kila kupanda humla debe zima. Mvua ikikawia miche hukauka, naye huanza upya. Akamwuliza mwanawe, mwanafunzi wa hisabati pale Mazimbu, kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine iliyokuwa hadi 1992 makazi ya wakimbizi wa Afrika Kusini: "Yatatosha?"

Kijana alikadiria kwamba mvua ina nusu ya uwezekano wa kuwahi kila mara. Hakuhesabu misimu yote, maana haina mwisho. Aliligawa suala kwa jambo la kwanza litakalojulikana. Debe la kwanza halina budi kutumika. Mvua ikiwahi, kazi imekwisha. Ikikosa, mama amerudi palepale, na matarajio yaleyale. Basi matarajio ni moja na nusu ya matarajio yenyewe, yaani madebe mawili. Ndiyo matarajio yenye sharti, ambayo Kolmogorov aliyajengea msingi mwaka 1933.

"Yatatosha, mama."

"Palepale vipi, mwanangu? Mwezi si umekwenda?"

Naam! Sharti lilibeba habari, na kijana alikuwa ameitupa. Akakubali kwamba, mara ya kwanza ikikosa, kila kupanda kunakofuata kuna theluthi tu. Upande huo sasa wadai madebe matatu. Nusu yake ni moja na nusu. Ongeza lile la kwanza, ni mawili na nusu. Na hatari ya kumaliza madebe mawili bila ya kuvuna, ambayo hata awali ilikuwa robo, ikawa theluthi. Wastani ni wa wakulima wengi, au wa mwenye misimu mingi. Mkulima wa Cheju, Unguja, hahitaji kuelezwa hilo.

Jioni ile mbuzi mmoja aliuzwa, debe la tatu likaingia ghalani. Hatari iliyobaki ni mbili kwa tisa. Kijana hakuitaja mpaka mama alipouliza.