Viini 16 vya Tamaa



Sisi mafrateri watatu tunaohudumia chumba cha kompyuta tulipewa na mlezi wetu kazi ndogo: kutafuta seva mpya ya maktaba. Ile ya zamani ilikuwa inakwamakwama, na siku moja umeme ulipokatika, diski yake iliharibika ikaondoka na insha ya mwenzetu, kurasa 30. Fedha zilikwisha kupatikana. Jumuiya ndogo ndogo za parokia jirani zilituchangia, na wengi wao ni akina mama wauza mboga.

Hatukumaliza hata jioni moja kuamua. Tulimwandikia Padre Gambera kwamba tunahitaji AMD Ryzen 9 5950X, prosesa iliyotoka mwaka 2020, yenye viini 16. Katika barua tuliweka maneno "kwa manufaa ya nyumba nzima". Ukweli ni kwamba mmoja wetu alitaka kuhariri video za kwaya, wa pili alitaka tu kuiona ikiwaka, na wa tatu aliona haya kupinga.

Wiki ileile darasani tulikuwa tunasoma busara kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Yeye anataja matendo matatu ya fadhila hiyo: kutafuta shauri, kuhukumu, na kuamuru. Tulitazamana. Sisi tulikuwa tumeanza na la tatu.

Jioni hiyo tukaketi mbele ya seva ya zamani wakati wa masomo ya binafsi, mafrateri wengi wakiitumia. Prosesa yake yenye viini 2 haikufikia hata nusu ya uwezo wake. Kilichokuwa kikikwama ni diski iliyochoka na memori ya GB 4 iliyojaa pomoni. Mgonjwa alikuwa akiumwa mguu, nasi tumemwandikia dawa ya macho.

Tukapiga na hesabu ya umeme, maana seva hailali. Mashine inayokula wati 100 usiku na mchana humaliza uniti 2.4 kwa siku; ya wati 20 humaliza 0.48. Kwa mwaka, hiyo ni uniti 876 dhidi ya 175. Halafu 5950X imewekewa kiwango cha wati 105, inadai feni kubwa ya kuipoza, tena haina sehemu ya picha ndani yake, hivyo ingebidi kununua kadi ya picha pembeni. Intel N100 ya mwaka 2023 ina viini 4 na kiwango cha wati 6. Kasoro yake nayo ni ya kweli: huja imeunganishwa kabisa na ubao mama, haibadilishwi, na kazi nzito za video huzifanya polepole. Lakini kugawa vitabu, kutunza insha na kunakili mafaili usiku inaviweza.

Kazi ngumu ilikuwa kurudi kwa Gambera. Barua ya kwanza ilikuwa na sahihi zetu tatu. Tulimwambia wazi kwamba tulikuwa tumejifikiria sisi. Akasoma barua zote mbili, akauliza, "Na zinazobaki?" Tukamjibu: diski mbili, ili moja ikifa nyingine ibaki, pamoja na betri ya kuzuia seva isizimike ghafla. Akasema, "Sawa. Halafu waandikieni waliochanga, waone kila shilingi."

Tuliandika, na safari hii tuliona raha kuandika.

Mwenzetu wa video bado anatumia kompyuta yake ya zamani, na wimbo mmoja humchukua usiku mzima. Insha iliyopotea haikurudi. Mwenyewe anaiandika upya, na kila jioni kabla ya sala ya usiku anakuja kutuuliza kama nakala ya leo imeshikwa. Tunaifungua, tunamwonyesha, ndipo anakwenda kulala.