Usitupe Mahindi: Vile Nilianza FFmpeg

Wengi mmeniuliza nilianzaje kuprogramu mambo ya video. Jibu si tamu: nilianza kwa kuharibu sauti ya babu yangu.

Kuka alikuwa mpiga litungu huko Chwele, Bungoma. Kabla atuache, binamu yangu alimrekodi kwa kamera ndogo ya zamani, klipu 23, zote AVI. Mimi niko Kitale na laptopi ya mtumba, RAM GB 2. Kila wiki Kukhu ananipigia: "Mwanangu, utaniletea lini mzee nimwone?" Simu yake ilikataa hizo faili. Nazo programu za kuedit zilikuwa zinagandisha laptopi mpaka feni inalia kama mashine ya kusaga.

Nikaweka programu fulani ya simu, nikapunguza klipu ya kwanza. Bado kubwa. Nikapunguza ile iliyopunguzwa. Tena. Nafasi ikaisha, nikafuta ya asili. Kuicheza hivi, nyuzi za litungu zinalia kama bati. Hiyo klipu hairudi, manze.

Hapo ndipo nilitafuta kuelewa, nikakutana na FFmpeg, mfumo wa bure ulioanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000. Hata VLC hutumia maktaba zake. Hakuna vitufe vya kubonyeza. Unafungua terminali, unaandika amri. Niliogopa, sidanganyi.

Kilichonifungua macho ni mahindi. Mtu wa Kitale ataelewa haraka. AVI, MP4 na MKV ni magunia tu. Kilicho ndani ni unga uliosagwa na kodeki: H.264 kwa picha, AAC kwa sauti. Faili ikikataa, uliza kwanza: shida ni gunia ama ni unga? Kama ni gunia, unahamisha bila kusaga, kwa `-c copy`, na inaisha haraka sana. Kama ni unga, lazima usage upya. Lakini unga haurudi kuwa mahindi. Kila ukisaga tena, kuna kitu unapoteza.

Klipu za Kuka zilihitaji kusagwa mara moja tu, kutoka kwa asili:

`ffmpeg -i kuka02.avi kuka02.mp4`

Ikakubali! Nikafanya ya pili, ya tatu, mkono ukachoka. Nikaandika skripti ya Python, mistari sita: chukua kila AVI kwenye folda, ita FFmpeg, weka MP4 kwa folda nyingine. Mara ya kwanza ilikwama juu ya jina la faili lenye nafasi katikati. Nikarekebisha, nikaiacha ikisaga usiku kucha. Asubuhi, zote 22 tayari.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Usingoje kompyuta kali, wala kozi ya pesa mingi. Anza na faili moja inayokuuma. Ukishazoea amri, andika skripti. Baadaye ukitaka kuingia ndani kabisa kwa lugha ya C, libavformat ndiyo inafungua na kufunga magunia, libavcodec ndiyo inasaga. Ukijua hiyo tofauti, hutapotea.

Nilipanda matatu hadi Chwele. Kukhu alitazama klipu zote 22 bila kusema neno. Kisha akaniuliza, "Na ile ya kwanza, siku aliimba akanitaja jina, hiyo iko wapi?"

Nikamchezea ile ya bati. Alisogeza sikio karibu na simu, akaniambia niongeze sauti. Ilikuwa imefika mwisho tayari.

Siku hizi zile AVI 22 ziko kwa flashi mbili, moja kwangu Kitale, moja kwa sanduku la Kukhu. Zako ziko wapi?