WEWE PIA NI OMOMENYI

Leo nina neno kuhusu jina linalouma sana huku kwetu Kisii na Nyamira: omomenyi. Kwa ndugu wasiojua Ekegusii, omomenyi ni mtu aliyekuja kukaa kwa ukoo usio wake. Ukilisikia kwenye kesi ya shamba, jua kuna mtu anaambiwa abebe watoto wake aende.

Mwaka jana jina hilo liliingia katika ukoo wetu. Nyumba moja iliambiwa haina haki juu ya ekari mbili, kwamba mzee wao alikuja na mama yake kama mgeni. Wazee wakaniita: "Pasta, wewe unajua vitabu. Tafuta ukweli."

Huku kwetu maandishi ya zamani ni machache. Waingereza walikuja na bunduki mwaka 1905, wakarudi tena 1908, na mji waliouanzisha wazee wetu wakauita Bosongo, yaani kwa wazungu. Mapadri wa Mill Hill walifika Nyabururu 1911, na muda mfupi baadaye Waadventista wakaanza kazi Nyanchwa. Septemba 1914 vita vya Wajerumani na Waingereza vikafika mjini, na misheni zikaporwa. Kwa hiyo anayemtafuta mzee wa nyakati zile huokoteza tu: kitabu cha ubatizo, au kile kipande ambacho wanaume walilazimishwa kuvaa shingoni miaka ya 1920. Kipande cha mzee wetu kilishapotea. Kikabaki kitabu.

Nikaenda parokia moja ya zamani. Ndiyo, mimi mlokole! Katibu alinikaribisha vizuri, hata chai nikanywa. Jina la mzee wa nyumba ile sikulipata. Nililolipata ni la baba wa babu yangu, yule ambaye nyumba zote mbili humwita shina letu. Mstari mmoja tu wa wino uliofifia: jina alilobatizwa, jina la baba yake, na kijiji alikotoka. Kijiji si chetu. Jina la baba yake hakuna mtu wa ukoo wetu analolijua.

Nikampelekea habari shangazi wa baba yangu, ambaye amepita miaka tisini. Akacheka. "Alikuja akiwa kijana, ametoka njaa. Watu wa hapa wakampa mahali pa kulala, kisha mke, kisha shamba. Mimi nilijua. Hamkuwahi kuniuliza."

Wapendwa, mnaona? Tulikuwa tunamfukuza mgeni kwenye shamba ambalo mgeni alipewa bure.

Na tusiishie kwa ukoo wangu. Wazee wetu Abagusii wanasimulia kwamba tulitoka upande wa Mlima Elgon, tukapita Kano, tukapita Kabianga, ndipo tukafika milima hii. Ni nani basi aliyechipuka hapa kama mti?

Soma Mambo ya Walawi 25:23. Bwana anawaambia Israeli kwamba nchi ni yake, nao ni wageni wanaokaa kwake. Hiyo ndiyo hati ya kwanza, kabla ya hati hizi tulizoanza kupewa shamba zilipopimwa miaka ya 1960. Halafu fungua Mathayo 1, usiruke yale majina. Rahabu alitoka Yeriko. Ruthu alikuwa Mmoabi. Wageni wote wawili, na Mungu hakuwafuta katika kitabu cha ukoo wa Mwanawe. Waefeso 2:19 inatuambia sisi tuliokuwa wageni tumefanywa watu wa nyumbani mwa Mungu. Tulipokelewa.

Nilisoma ule mstari wa wino mbele ya wazee. Palikuwa kimya kwa muda. Mpaka wa zile ekari mbili bado unazungumzwa, sitawadanganya. Lakini omomenyi halijatamkwa tena katika kikao chetu.

Wiki hii kaa na mzee wa boma lako umuulize mlikotoka, angali yupo. Na kama kuna nyumba kwenu imeitwa jina hilo, nenda ukanywe chai kwao.

Baba, ulitupokea tukiwa hatuna kwetu. Tufundishe kupokea. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, andika AMINA.