Friji ya Baba

Dukani kwetu Bwera, kabla umeme haujatufikia, baba alikuwa na friji ya mafuta ya taa. Kazi yangu ilikuwa kukata utambi na kuangalia mwali. Ukizimika, soda zinapata joto, na wateja wanaovuka kutoka Kongo wananilaumu mimi. Nilimwuliza baba, moto unaletaje baridi? Akasema, "Soma, mwanangu, uje unieleze."

Nilisoma, ila fizikia niliiacha nikachukua Kiswahili. Baba hakunigombeza; alinyamaza tu, na kwa baba kunyamaza ni kugomba.

Nikiwa Kasese, chumbani kwa rafiki yangu wa fizikia, nilikuta makala ya mwaka 2024 ya Patryk Lipka-Bartosik na wenzake wa Chuo Kikuu cha Geneva. Simu ikifanya kazi nyingi huchoma kiganja, kwa kuwa katika kompyuta zetu joto ni taka. Wao wanapendekeza joto lenyewe likokotoe. Mashine ndogo mno, inayofuata kanuni za kwanta, inawekwa kati ya vitu vyenye joto tofauti. Cha moto kinasomwa moja, cha baridi kinasomwa sifuri, na mtiririko wa joto unatoa jibu bila mkono wa mtu. Mashine kama hizo zikiunganishwa nyingi, zinaweza hesabu ngumu. Bado ni nadharia.

Mfano wao mmoja ni ukanushi: ukiingiza moja, unapata sifuri. Upande wa kuingizia ukiwa moto, mashine inanyonya joto kutoka upande wa jibu mpaka unapoa; ukiwa baridi, upande wa jibu unapata joto. Nilisoma hapo mara tatu. Mwali unawaka, soda baridi. Mwali umezimika, soda moto. Miaka yote ile nilikuwa nakatia utambi kikanushi!

Likizoni nilimweleza baba kwa Kiswahili, lugha aliyoiokota mpakani, tumeketi karibu na friji ileile, ambayo siku hizi anawekea unga. Amonia inavyotolewa majini na mwali, inavyopoa na kuwa kimiminika, inavyogeuka tena mvuke ndani na kubeba joto la soda: yote aliyafuata. Ya kwanta aliyasikiliza kichwa kimeinama. Kisha akauliza, "Na mafuta ananunua nani?"

Ni swali la makala yenyewe: ukitaka jibu la uhakika zaidi, unapoteza joto zaidi. Nikamwambia hivyo.

"Eh," akasema. "Endelea."