Nusura Niitupe Dawa

Leo nataka kuwasimulieni habari za vidonge ambavyo siku sita za kwanza nilivichukia kuliko ugonjwa wenyewe. Mimi ni mama wa watoto wanne, mkulima wa kahawa na maharage huku milimani Umatengo, wilaya ya Mbinga. Si daktari wala si nesi. Nasema yaliyonipata, na yale niliyofundishwa hospitali, maana nadhani yuko mama au baba mwingine ambaye leo hii ameshika kidonge mkononi, asijue akimeze au akitupe.

Kwanza niwaambieni ugonjwa ulivyoanza. Mwaka 2022 mtoto wetu wa kwanza alikwenda mjini kuendesha bodaboda. Tangu siku ile moyo wangu haukutulia. Simu ikilia, nashtuka. Isipolia, nashtuka zaidi. Usiku naamka saa nane, kifua kimebana, jasho lanitoka, moyo wapiga kama wa mtu aliyepanda mlima mbio. Mara nyingi nilidhani nakufa saa ile ile. Mchana mikono inafanya kazi, lakini akili iko barabarani na mtoto. Nikaacha kwenda mnadani kwa kuogopa kupanda gari. Nikaacha hata kuimba kwaya, kwa kuwa pumzi hainitoshi.

Nilipimwa malaria mara tatu. Nikapimwa presha, na sukari, na moyo. Kote wakaniambia, mama, huna kitu. Jirani mmoja akasema nimerogwa. Mwingine akasema imani yangu ni haba, ningesali zaidi ningepona. Maneno hayo yaliniuma sana, kwani nilikuwa nasali usiku kucha.

Mwisho nikampata daktari aliyeniuliza taratibu. "Mama, unalalaje? Unaogopa nini? Tangu lini?" Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Ndipo akasema, "Huu ni ugonjwa wa wasiwasi. Ni ugonjwa kweli, kama vile presha ilivyo ugonjwa. Una dawa, tena una msaada wa mazungumzo." Akaniandikia dawa iitwayo sertralini: nusu ya kidonge cha miligramu 50 kila siku kwa wiki moja, kisha kidonge kizima. Akanieleza mengine mengi. Lakini, ndugu zangu, masikio yangu yalishika neno moja tu, yaani kwamba dawa ipo. Nikarudi nyumbani kwa furaha, nikidhani kesho yake nitalala kama mtoto mchanga.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 13 Machi 2023, katikati ya Kwaresima. Nikameza nusu kidonge jioni. Nilikuwa nimejiwekea kufunga, hivyo tumbo lilikuwa tupu. Usiku ule kichefuchefu kikanishika. Siku ya pili kichwa kikauma, na mdomo ukakauka kama nimekula unga. Siku ya tatu tumbo likaanza kuendesha. Siku ya nne mikono ikatetemeka, hata nikamwaga chai mbele ya mama mkwe. Na usingizi, ule kidogo niliokuwa nao, ukapotea kabisa. Lakini la kunitisha kupita yote lilikuwa hili: hofu yenyewe haikupungua, bali iliongezeka. Nilikuwa naona kama wadudu watembea chini ya ngozi. Sikuweza kukaa mahali pamoja.

Nikajiambia, "Hii si dawa, hii ni sumu." Siku ya sita, ambayo ni Jumamosi, sikumeza. Nikafunga vidonge vyangu katika kipande cha kanga, nikavificha chini ya debe la mahindi, nikinuia kuvitupa chooni watu wakilala. Kwa mume wangu nikanyamaza. Alipouliza, "Umemeza dawa?" nikamjibu, "Nimemeza." Miaka ishirini na miwili ya ndoa, na huo ndio uongo ninaoukumbuka kwa haya kuliko mwingine.

Nilivipitisha siku ile bila kuvitupa, sijui kwa nini. Kesho yake, Jumapili jioni, mtoto wetu mdogo akaenda kuchota mahindi ya kuku, akarudi na kifurushi. "Mama, hivi ni nini?" Mume wangu alikuwepo. Nikangoja anigombeze. Hakunigombeza. Aliketi kimya, kisha akasema, "Mama watoto, mwezi huu tunachimba ngoro. Shamba la ngoro siku ya kwanza linafananaje?"

Kwa wasiojua, ngoro ni kilimo chetu cha mashimo, tulichorithi kwa babu zetu, kinachozuia mvua isichukue udongo wa mlimani. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana. Sisi wanawake huchimba katikati na kuyafukia majani kwa udongo. Siku ya kwanza mgeni akipita ataona mashimo matupu, atasema shamba limeharibiwa. Lakini majani yanaoza chini, yanakuwa mbolea, na maharage yanaota juu yake.

Mume wangu akaendelea, "Labda na dawa hii ni hivyo, labda sivyo. Mimi sijui, na wewe hujui. Kesho twende tukaulize wanaojua." Basi, alfajiri tukaenda.

Nesi aliyetupokea hakunicheka. Nilipomweleza kwamba niliacha kwa siri, alisema, "Mama, afadhali umekuja. Wengi huacha na hatuwaoni tena." Ndipo akanieleza, na safari hii nikasikia.

Alisema hivi. Ubongo hupelekeana habari kwa vitu maalumu, na kimojawapo chaitwa serotonini. Dawa yangu huifanya serotonini ikae kazini kwa muda mrefu zaidi. Lakini sehemu kubwa ya serotonini ya mwili haiko kichwani, iko tumboni. Ndiyo sababu tumbo hulalamika mapema. Madhara haya mengi huja siku za kwanza, nayo hupungua wiki ya kwanza au ya pili mwili ukizoea. Lakini faida huja polepole, baada ya wiki mbili, nne, hata sita. "Hapo ndipo watu wanapoanguka," akasema. "Taabu imefika, nafuu bado haijafika. Mtu anadhani taabu ndiyo dawa yote."

Kisha akaniuliza maswali ambayo sikuyategemea. Nameza saa ngapi? Nakula nini kabla? Nakunywa chai ya rangi vikombe vingapi? Natumia dawa nyingine, au mitishamba? Nina mimba? Akashauriana na daktari, wakanipangia upya. Nirudie nusu kidonge kwa wiki moja nyingine. Nimeze asubuhi badala ya jioni, kwa kuwa kwangu dawa ilikuwa inafukuza usingizi. Wako wengine ambao huwaletea usingizi, hao huambiwa wameze usiku. Nisimeze na tumbo tupu, bali baada ya uji au kiazi. Chai nzito na kahawa nizipunguze, maana nazo huleta kutetemeka na kumwamsha mtu usiku. Maji ninywe mara kwa mara, kidogo kidogo. Pombe niiache. Na nisinunue dukani dawa za maumivu bila kuuliza, kwa sababu baadhi yake hazipatani na hii.

Juu ya kufunga, nilikwenda kwa Paroko wetu nikiwa na wasiwasi tena. Akanijibu kwa maneno machache: mgonjwa halazimiki kufunga, nile, nimeze dawa, nimtolee Mungu uvumilivu wangu badala ya njaa.

Nyumbani tulikuwa na kalenda ya ukutani. Binti yetu wa darasa la sita akapewa kazi. Kila jioni ananiuliza, "Mama, leo vipi?" Siku ikiwa mbaya anachora msalaba juu ya tarehe. Ikiwa afadhali, anachora duara. Nilidhani ni mchezo wa kitoto. Kumbe ndiyo iliyoniokoa. Maana mtu mwenye wasiwasi akiumwa leo huona kwamba ameumwa siku zote na ataumwa daima. Kalenda haidanganyi. Wiki ile ya kwanza misalaba ilikuwa saba. Wiki ya pili misalaba mitano, maduara mawili. Kichefuchefu kilikwisha, mikono ikatulia. Pasaka, tarehe 9 Aprili, nilikuwa bado nina hofu, lakini nilikula nyama na watu wa nyumbani bila kuinuka mezani. Mwezi wa Mei, usiku mmoja, mtoto hakupiga simu. Nikasema, "Atakuwa amechoka," nikalala. Asubuhi nikashtuka kwamba nimelala! Nikamwamsha mume wangu kumwambia habari hiyo, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Sisemi kwamba dawa ilifanya kazi yote peke yake. Kila mwezi nilikuwa nakaa na nesi yule nusu saa, akinifundisha kupumua polepole hofu inapokuja, na kupanda gari tena, kwanza kituo kimoja, kisha viwili. Wala sisemi kwamba madhara yote yalikwisha. Moja lilibaki, ambalo wanandoa huona haya kulitaja: hamu ya mambo ya chumbani ilipungua. Nililificha miezi miwili, mume wangu akadhani nimemchoka. Tulipolisema kwa daktari, alituambia ni jambo linalojulikana kwa dawa za aina hii, na kwamba siyo kosa la mtu. Kulijua tu kulituondolea uchungu. Kaka na dada zangu, msione haya kuuliza.

Kosa langu la mwisho nalo nalitaja. Mwezi wa Agosti nilijiona mzima kabisa. Vidonge vikaisha, nami sikwenda kuchukua vingine. Siku ya tatu nikapata kizunguzungu, na kichwani kitu kama umeme ukipita nikigeuza macho, na hasira bila sababu. Nikadhani nimekuwa mlevi wa dawa. Daktari akanieleza kwamba sivyo. Dawa hii haileti uchu kama pombe, lakini mwili ulioizoea hautaki kuondolewa ghafula. Huachwa polepole, kwa kupunguza hatua kwa hatua, tena kwa shauri la daktari, na kwa kawaida baada ya miezi mingi ya kuwa mzima, siyo wiki chache. Tangu hapo nilichukua vidonge wiki moja kabla ya vile vya zamani kwisha, maana wakati wa masika barabara yetu haina adabu.

Sasa, wapendwa, sikilizeni vizuri neno hili, maana siyo kila taabu ni ya kuvumilia. Nesi alinipa orodha ya mambo ambayo yakitokea mtu asingoje hata kesho, bali aende hospitali siku ile ile: uso au midomo kuvimba, pumzi kubana na ngozi kutoka vipele, homa pamoja na kukakamaa na kuchanganyikiwa, degedege, kutokwa damu bila sababu. Na zaidi ya yote, mawazo ya kutaka kufa au kujidhuru, ambayo kwa vijana hasa huweza kuzidi wiki za kwanza za dawa au kipimo kinapobadilishwa. Mgonjwa wa namna hiyo asiachwe peke yake hata dakika moja, na msimwambie kwamba anatenda dhambi. Mpelekeni.

Tena msigawiane vidonge. Jirani yangu, yule aliyesema nimerogwa, alipoona nimepona alikuja kuomba viwili vya kujaribu. Sikumpa. Nilimsindikiza hospitali. Alipimwa, kumbe yeye alikuwa na tatizo la tezi ya shingo, ambalo nalo hupigisha moyo mbio na kutetemesha mikono. Vidonge vyangu visingemponya.

Wazee husema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Mimi nilificha vidonge chini ya debe, nikaponea chupuchupu. Kama si mtoto aliyekwenda kuchota mahindi, labda hata leo ningekuwa naamka saa nane, nikingojea simu.

Kwa hiyo, wewe uliyeanza dawa juzi na tumbo linakusokota, usiitupe, wala usijikaze kimya. Mwambie mmoja wa nyumbani. Chora kalenda yako. Kula kitu kabla ya kumeza. Kisha rudi kwa yule aliyekupa, umwambie yote, hata yale ya aibu. Yeye aweza kupunguza kipimo, kubadili saa, au kubadili dawa yenyewe, lakini hawezi kusaidia jambo asilolijua.

Nanyi wenye wagonjwa nyumbani, fanyeni kama mume wangu alivyofanya siku ile. Hakunipigia kelele, wala hakunihubiria. Alisema tu, "Kesho twende tukaulize," na alfajiri akavaa viatu.