Mwache Aje Mwenyewe

Barua kutoka Leeds, Uingereza

Mjomba, shikamoo.

Natumaini vuli imewafikia vizuri huko Muheza, na nyani hawajaanza kuyaandama mahindi. Sisi huku hatujambo. Baridi imeingia, saa kumi jioni giza linaanza kutanda, na watoto wanakwenda shule na makoti mazito.

Uliponipigia simu uliniuliza kama ni kweli nimechukua mbwa na namlaza ndani. Kisha ukauliza la pili, kwa sauti ya chini: huku nyumbani kuna yatima wangapi, nawe unalea mbwa? Maswali yote mawili ni ya haki, na wapo wasomaji wa ukurasa huu wenye maswali hayo hayo. Basi nakujibu wewe, nao wasikie.

Ni kweli. Jina lake Dolly, jike la Chihuahua, aina ya mbwa iliyopewa jina la jimbo moja la Mexico. Uzito wake haufiki kilo tatu. Jogoo wako mkubwa angekaribiana naye kwenye mizani. Daktari wa wanyama alimtazama meno akamkadiria miaka sita. Miaka hiyo yote alikuwa wa kuzalishwa: amefungiwa bandani, anazaa, watoto wanauzwa, anapandishwa tena. Alipochoka akatolewa, ndipo akafika katika kituo cha kuokolea mbwa tulikomkuta. Hakuwahi kupanda ngazi wala kukanyaga majani, na mkono wa binadamu kwake ulikuwa ni kitu cha kukamata.

Biashara hii imewauma Waingereza wengi. Mwaka 2013 mbwa mwingine mdogo, aliyeitwa Lucy, aliokolewa kutoka banda la wazalishaji huko Wales akiwa na mgongo uliopinda. Waliompigania walidai sheria, na tarehe 6 Aprili 2020 ikaanza kutumika hapa England ile inayoitwa Sheria ya Lucy: mfanyabiashara wa kati haruhusiwi kuuza mtoto wa mbwa ambaye hajatimiza miezi sita. Anayemtaka amnunue kwa mzalishaji mwenyewe na amwone akiwa na mama yake, au achukue kwenye kituo cha uokoaji. Sheria hiyo imesaidia, lakini mama wa watoto wale waliouzwa kwa maelfu wangali hai, na lazima mahali fulani pawe na mlango wa kuwapokea.

Huku milango hiyo ni ya zamani. Kituo cha Battersea cha London kilianzishwa mwaka 1860 na Mary Tealby, mama aliyekusanya mbwa wa mitaani huku magazeti yakimdhihaki. Shirika la Dogs Trust lilianza mwaka 1891, na mwaka 1978 ndilo lililoeneza kauli kwamba mbwa ni wa maisha yote, si wa Krismasi tu. Wanyama hawatolewi kiholela. Kabla ya kutukabidhi Dolly, wahudumu wa kituo chetu walikuja nyumbani, wakapima urefu wa uzio, wakauliza nani hushinda nyumbani mchana na watoto wana umri gani. Alikuwa amefungwa kizazi, amechanjwa, na ana chipu chini ya ngozi yenye namba ya kumtambulisha, kama sheria inavyodai kwa kila mbwa tangu mwaka 2016. Tulilipa ada, tukaweka sahihi kwamba tukishindwa tutamrudisha kwao, tusimpe mtu mwingine.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikuandikie kwa urefu huu, nalo ni woga.

Mwaka 1965 Wamarekani wawili, John Paul Scott na John Fuller, walichapisha kitabu juu ya utafiti wao wa miaka mingi huko Bar Harbor, Maine. Walionyesha kwamba mtoto wa mbwa ana kipindi cha kuuzoea ulimwengu, tangu wiki ya tatu hadi karibu ya kumi na mbili. Asiyekutana na watu, sauti na mahali tofauti katika wiki hizo, akikua huviona vyote kuwa hatari. Dolly alizipitisha wiki hizo gizani. Hana ukaidi wala roho mbaya. Anaogopa, na ana sababu.

Kwa mbwa mdogo kuna mkosi wa ziada. Mbwa mkubwa akiogopa watu humpisha, lakini wa kilo mbili hunyanyuliwa tu. Anaonyesha kila ishara: analamba midomo hali hakuna chakula, anapiga miayo hali hana usingizi, anageuza uso, jicho linatoa weupe pembeni, mguu mmoja wa mbele unabaki hewani. Watu hawazioni, wanasema mzuri huyo, wanamkumbatia. Ndipo anaunguruma, na akigombezwa kwa kuunguruma atajifunza kunyamaza. Siku nyingine atauma bila onyo, na lawama zote zitakuwa zake.

Kwa hiyo nyumbani kwetu tuliweka kanuni moja kabla hajafika: hakuna anayemfuata Dolly. Tulimtengea kisanduku chenye blanketi nyuma ya kochi, na akiwa humo hata daktari hamgusi. Chakula, matembezi na taa kuzimwa vina saa zake, na hatuzibadilishi. Tukitaka kumpa kipande cha kuku, tunakirusha nyuma yake, ili akikifuata awe anasogea mbali nasi, apumue, kisha aamue mwenyewe kama anarudi. Ukikiweka mkononi unamlazimisha kuchagua kati ya njaa na hofu, na huo ni ukatili hata kama umeufanya kwa mapenzi.

Daktari naye alitukumbusha kwamba woga huweza kuwa na maumivu chini yake. Mbwa wadogo husumbuliwa sana na meno yaliyooza na kifupa cha goti kinachoteleza. Dolly aling'olewa meno kadhaa, na baada ya hapo akaacha kushtuka uso wake ukisogelewa. Kwenye matembezi anavaa mkanda wa kifuani badala ya wa shingoni, kwa sababu koo la mbwa wa aina hii ni jepesi na huumia kwa kuvutwa. Mlango wa nje haufunguliwi mpaka wa ndani umefungwa, maana mbwa mwoga akiponyoka hukimbia bila kujua anakokwenda.

Mtihani mkubwa ulikuwa tarehe 5 Novemba, usiku ambao Waingereza hurusha fataki kukumbuka njama ya mwaka 1605 ya kulipua Bunge. Mbwa husikia sauti nyingi ambazo masikio yetu hayazifikii, na mlio kama huo ni tishio asiloweza kulielewa. Tulifunga mapazia mapema, tukawasha redio, mke wangu akakaa sakafuni karibu na kisanduku. Wapo wanaosema ukimfariji mbwa mwenye hofu unamzidishia woga. Waliobobea katika tabia za mbwa wanasema faraja haiongezi hofu. Dolly alitoka kisandukuni, akaja akajilaza kwenye paja la mke wangu, mwenyewe, bila kuitwa. Hakuna aliyemshika mpaka alipotulia.

Mjomba, haya nilianza kuyasikia kwako. Tulipokuwa wadogo ulitukataza kumwangalia machoni mbwa asiyetujua au kumfuata aliyeingia nyuma ya jiko. Mbwa wako wana nafasi ya kuondoka wanapoogopa. Shamba lote ni lao. Mbwa wa ghorofani au wa chumba kimoja hana pa kwenda, ndiyo maana sisi tunaomfungia tuna wajibu mkubwa zaidi wa kumwachia nafasi.

Wageni wetu Waislamu wakija, Dolly hukaa chumba cha juu, na mahali wanaposwali hafiki kabisa. Mke wangu huosha vyombo vya Dolly mbali na vya watu. Heshima kwa mnyama haitulazimishi kuvunja heshima kwa jirani.

Na lile swali la yatima? Ada ya shule ya watoto wa marehemu dada tunaituma kila muhula kama zamani. Haikupungua hata shilingi. Ila nimeona kitu kwa wanangu. Siku hizi wanauliza kabla ya kugusa. Wanaona nani amenyamaza mezani, nani amejikunja. Mwanangu wa kike alikaa kimya kando ya mtoto mpya darasani, aliyetoka vitani na hakutaka kusemeshwa, mpaka yule mtoto alipoanza kuongea. Huruma aliyojifunza kwa mbwa imemfikia mtu.

Dolly hajawa mbwa wa kuchezewa na kila mgeni, na huenda asiwe. Wahudumu wa uokoaji husema siku tatu za mshtuko, wiki tatu za kuzoea, miezi mitatu ya kuanza kujiona yuko kwao. Kwa aliyefungiwa miaka sita, hesabu hiyo ni fupi. Tunampima kwa maisha aliyotoka, hatumlinganishi na mbwa wa jirani.

Nina ombi moja. Najua hofu ya mbwa huko nyumbani ina msingi. Uingereza kichaa cha mbwa kiliondolewa kwa mbwa wake tangu mwaka 1922, lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kinaua watu 59,000 hivi duniani kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Wataalamu wanasema wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mnyororo wa ugonjwa hukatika. Kampeni nyingi za chanjo hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Wachanjaji wakija, wapeleke mbwa wako wote, na uwahimize majirani. Gharama ya sindano za mwakani niachie mimi. Mtoto asiyeogopa kufa kwa kung'atwa hatakuwa na sababu ya kumpiga mbwa mawe, na mbwa asiyepigwa mawe hana sababu ya kung'ata.

Wasalimie wote wa nyumbani.

Mpwa wako, Leeds