Zambia: Milango Minane, Bahari Hakuna

Miji ya Tunduma na Nakonde imetenganishwa na mpaka, lakini macho ya mgeni hayatambui upesi mmoja unapokoma na mwingine unapoanza. Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili, na Kiswahili chasikika sokoni huku na huko. Avukaye kwa miguu hutambua kuwa yu ugenini pale atazamapo saa, kwa maana Nakonde iko nyuma ya Tunduma kwa saa moja.

Kinachomshangaza zaidi ni malori. Yamejipanga mstari mrefu, yamebeba mbolea, mabomba, mashine, vipuri, vitambaa na dawa. Vingi vya vitu hivyo vilitengenezwa ng'ambo ya bahari, vikateremshwa Dar es Salaam, kisha vikasafiri kilomita zaidi ya 900 hadi mpakani. Na hapo safari haijakwisha. Lusaka, mji mkuu wa Zambia, ungali mbali kwa kilomita 1,000 hivi.

Zambia imepakana na nchi 8: Tanzania, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, Botswana, Namibia, Angola na Kongo. Pwani haina. Kila kinachotoka ng'ambo hakina budi kupita kwanza katika nchi ya jirani, na kila jirani anapopatwa na vita, mgomo au maradhi, akina mama wa Lusaka na Ndola huyaona madhara yake dukani. Kwa hiyo historia ya nchi hiyo ni historia ya watu waliolazimika kujifunza namna ya kuishi wakati njia ya bidhaa inapokatika.

MLANGO WA KUSINI

Zambia ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, ilirithi reli moja kubwa iliyoelekea kusini, kupitia Rodesia. Shaba ilitoka kwa reli hiyo, na mafuta, makaa na mashine za migodini ziliingia kwa njia hiyo hiyo. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rodesia wakiongozwa na Ian Smith walijitangazia uhuru wao haramu. Uingereza ikawawekea vikwazo vya mafuta, nao kabla mwezi Desemba haujaisha wakaikatia Zambia mafuta yaliyokuwa yakipita kwao.

Petroli ikaanza kutolewa kwa mgao. Ndege za Uingereza na za nchi nyingine zikasafirisha mapipa ya mafuta, mengine yakitoka Dar es Salaam. Lakini ndege hubeba kidogo na hugharimu sana, hivyo mzigo mkubwa ukaangukia malori. Barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi Zambia wakati huo ilikuwa ya udongo kwa sehemu kubwa. Kiangazi ilikuwa vumbi, masika ilikuwa matope, na milimani magari yalipinduka pamoja na mapipa yao. Madereva waliipa jina la Njia ya Jehanamu. Wengi walipoteza maisha humo.

Serikali mbili hizo hazikungoja adui abadili moyo. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, lilijengwa kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, nalo likafunguliwa mwaka 1968. Tangu hapo mafuta yakapita ardhini, na barabara ikabaki kwa mizigo mingine.

RELI YA UHURU

Mashirika ya nchi za Magharibi yalikuwa yamesema kwamba reli ya kuziunganisha nchi hizi mbili haingeleta faida. China ilikubali kuijenga kwa mkopo usio na riba. Kazi ilianza mwaka 1970, na reli ikakabidhiwa rasmi Julai 1976: kilomita 1,860, madaraja yapatayo 300 na mahandaki zaidi ya 20. Mafundi wa Kichina zaidi ya 60 walifariki katika kazi hiyo, pamoja na wafanyakazi Waafrika.

Haraka hiyo ilikuwa na sababu. Januari 1973 Smith aliufunga mpaka. Wiki chache baadaye alitaka kuufungua, lakini Rais Kenneth Kaunda alikataa, akaamua mizigo ya nchi yake ipite kwingine. Mwezi Agosti 1975 vita vya Angola vikaisimamisha Reli ya Benguela, iliyokuwa ikiifikisha shaba kwenye bahari ya Atlantiki. Basi katika muda usiotimia miaka mitatu, mlango wa kusini na wa magharibi yote ilikuwa imefungwa.

Msafiri apitaye kwa garimoshi kutoka Nakonde huiona nchi tambarare yenye miombo, vijiji vilivyo mbalimbali, na anga pana. Hupita Kasama, na kabla ya kufika Mpika huvuka mto Chambeshi. Mto huo ni mtulivu kuutazama, lakini askari ana sababu ya kuukumbuka. Hapo kuna mnara uonyeshao mahali ambapo Jenerali von Lettow-Vorbeck wa jeshi la Wajerumani alipata habari, Novemba 1918, kwamba Vita Kuu ya Kwanza imekwisha. Maelfu ya askari na wapagazi waliobeba vita ile mabegani walitoka Tanganyika.

Na hapo hapo Chambeshi, Oktoba 1979, makomando wa Rodesia walivunja madaraja kwa baruti. Walijua wanachokitafuta. Zambia ilikuwa na upungufu wa mahindi, nayo ikilazimika kurudi kwenye reli ya kusini ingekuwa mikononi mwao. Hivyo mvunjaji wa daraja hakumlenga askari wa mstari wa mbele. Alilenga chungu cha ugali kilichoko jikoni.

MBOLEA NA MVUA

Jaribu lililo gumu kuliko yote, hata hivyo, lilikuwa limekwisha kutokea mwaka mmoja kabla. Reli mpya ilikuwa na upungufu wa injini na mabehewa, na bandari ya Dar es Salaam ilikuwa imesongamana. Shehena za Zambia zilirundikana. Miongoni mwa vitu vilivyokuwa vikingojwa ni mbolea.

Mashine ya kiwandani ikichelewa mwezi mmoja, hasara hulipika. Mbolea haina subira hiyo. Mvua za Zambia huanza Novemba, na mahindi yasiyopata mbolea kwa wakati wake hayawezi kuipata tena baada ya msimu. Mkulima aliyechelewa wiki tatu amechelewa mwaka mzima.

Oktoba 1978 Rais Kaunda aliifungua tena njia ya reli ya kusini. Uamuzi huo haukuwafurahisha marafiki zake wa nchi za Mstari wa Mbele, kwa kuwa wapigania uhuru wa Zimbabwe walikuwa wangali vitani. Yeye mwenyewe alikuwa ameistahimili hasara ya kuufunga mpaka kwa zaidi ya miaka mitano. Lakini nyuma yake walikuwapo wakulima waliokwisha kulima, wakiitazama mbingu. Kiongozi aliyefikishwa hapo hachagui tena kati ya jema na baya. Huchagua kati ya mabaya mawili, na la tatu, yaani njaa, linabisha hodi.

HALI YA SIKU HIZI

Vita vile vimekwisha, lakini njia hazijaacha kukatika. Mei 2020 mpaka wa Nakonde ulifungwa kwa siku kadhaa kwa sababu ya maradhi ya korona, na malori yakasimama. Machi 2021 meli kubwa Ever Given ilikwama katika Mfereji wa Suez, ikauziba kwa siku 6. Tangu mwishoni mwa mwaka 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalizifanya meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ikaongezeka kwa siku 10 hivi au zaidi.

Zambia imejibu kwa kuiongeza milango na kuilainisha bawaba zake. Chirundu, mpakani mwa Zimbabwe, kituo cha pamoja cha forodha kilifunguliwa mwaka 2009. Tunduma na Nakonde ikapata cha kwake Oktoba 2019, ili lori likaguliwe mara moja badala ya mbili. Mei 2021 daraja la Kazungula juu ya mto Zambezi likafunguliwa kuelekea Botswana. Na Septemba 2024 hati ya makubaliano ya kuifufua reli ya TAZARA ilitiwa saini mjini Beijing.

Mfanyabiashara wa Lusaka naye ana hekima yake. Bidhaa ya msimu huiagiza mapema, akihesabu siku kwa kurudi nyuma: kuanzia siku itakapohitajika, aondoe siku za barabarani, za mpakani, za bandarini na za baharini, kisha aongeze siku za balaa. Hati za shehena huzikamilisha meli ingali safarini, kwa sababu mzigo ulioteremshwa bila karatasi hulipiwa gharama kila siku bandarini. Kipuri ambacho kikikosekana kiwanda husimama, hukiweka akiba ghalani. Na njia ya pili huifahamu kabla ya kuihitaji, hata ikiwa ni ghali zaidi, kwa kuwa anayetafuta njia siku ya dhiki hupangiwa bei na mwenye njia.

Jioni, taa za malori zawashwa Nakonde. Madereva hununua ugali na samaki kwa akina mama wa kandoni, huku mlio wa garimoshi ukisikika kwa mbali. Katika lori mojawapo mna mifuko ya mbolea. Mahali fulani kusini, mkulima amekwisha kulima shamba lake, naye anahesabu siku.